Mikopo Chechefu

Saa kumi na mbili jioni, Juni, ukungu umeshuka Loleza
na darasa la uzamili limevaa makoti.
Tupo kumi na mmoja: wawili wa benki, mmoja wa bima,
Ambwene wa mapato anayesinzia kwa heshima,
na mimi, afisa mikopo wa SACCOS ya walimu,
chapati mbili ndani ya mfuko wa kompyuta.

Dakta Nyagawa anaandika ubaoni: UKWASI.
Ni uwezo wa kitu kugeuka fedha, anasema,
kabla thamani yake haijakuponyoka.
Naandika. Pembeni naongeza:
viazi vya Isyonje, mwezi wa nne, barabara imekatika.

Wiki ya tano tumefika mikopo chechefu.
Neno zuri. Linachechemea kidogo ukilitamka.
Siku tisini bila rejesho
na jina lako linahamia safu nyingine ya jedwali,
safu ambayo mameneja huisoma wakiwa wameshika tama.

Hapo simu yangu ikatetema juu ya dawati. Namba ngeni:
MTAARIFU TUSEKILE M. ALIPE DENI LAKE LEO.
WEWE NI MDHAMINI WAKE.

Sijawahi kumdhamini mtu.
Tusekile ni shoga wa mama;
ana namba yangu kwa sababu kila Krismasi
hunipigia kuuliza kama bado sijaolewa.
Mkopo wa simu. Kausha damu.
Elfu themanini, na katika miezi mitatu
imezaa hadi laki na arobaini
viazi vikiwa bado ardhini.
Kukopa harusi, kulipa matanga, tulijua;
hatukujua kwamba matanga yatatangazwa
kwa kila jina lililomo kwenye simu ya mfiwa.

Nikatoka nje, baridi ikanipiga kofi.
Nikampigia mama.
"Njoo Jumamosi," akasema. "Njoo uone. Usiongee."

*

Kikoba chao kina sanduku la bati la bluu,
kufuli tatu, funguo tatu, wanawake watatu
wasioishi jirani. Huo ndio ukaguzi wao wa ndani.
Ufunguo wa kwanza anao mama. Wa pili, Atuganile.
Wa tatu anao Tusekile,
na Tusekile hakutokea.

Saa nne. Saa tano.
Kijana mmoja akaleta nyundo:
"Kufuli lenyewe la elfu tatu."
Kwa hesabu alikuwa sahihi, nami karibu nitikise kichwa.
Mama akamtazama mpaka nyundo ikarudi ilikotoka.

Wakalibeba sanduku. Wakapanda nalo mlima
wakipokezana, kama abebwavyo mtoto mwenye homa,
hadi nyumba ya Tusekile, mlango umefungwa kwa ndani.
Hawakugonga.
Wakakaa uani juu ya magunia matupu
wakafungua kikao:
sala, mahudhurio.
Katibu akasoma, "Tusekile Mwakyoma."
Kimya.
Akasoma tena, taratibu, kalamu hewani.
Ndani mtu akapenga kamasi.
"Nipo," ikasema sauti, kisha komeo.

Wakamtoza faini ya kuchelewa, shilingi mia tano.
Wasingemtoza, wangekuwa wamemfukuza.

*

Sura ya nne ya tasnifu yangu ina majedwali tisa.
Ukurasa wa hamsini na mbili nimeandika
kwamba dhamana si lazima iwe kitu
kinachoweza kupigwa mnada.
Dakta amepigia mstari kwa wino mwekundu,
na ukingoni: Chanzo?

Tangu jana nalitazama swali hilo.
Rejea zangu zimepangwa kwa alfabeti na kwa mwaka;
sijui Atuganile anaingia wapi.

Na deni la simu bado linazaa.
Kikoba kimelipa nusu, nusu inasubiri mavuno.
Nilimkokotolea mama riba yake, kama tulivyofundishwa:
asilimia mia tatu kwa mwaka.
Aliacha kumenya kiazi,
akaniuliza, hiyo ni namba
au ni tusi?